Barua kwa mwanangu kabla ya Jumamosi

Mwanangu,

Sisi hapa Watamu wazima, mamako mafua kidogo tu. Nimesikia dukani eti Jumamosi unatoka na boti ya mashindano ya kuvua samaki na wewe ndo utashika lida, ule uzi mnene wa mwisho karibu na ndoano. Dukani! Simu unayo, namba ya babako unayo, lakini habari zako naletewa na mtu aliyekuja kununua sukari. Haya, yamepita. Nilifurahi wallahi, nikamlipia hiyo sukari.

Sasa nskize. Glovu. Usishike lida bila glovu hata kama ni sulisuli mdogo, yule samaki mwenye mdomo mrefu kama upanga. Anakuja ubavuni mwa boti amechoka, mbavu zinawaka bluu, unadhani kazi imeisha kumbe ndo anaanza, anageuza kichwa mara moja na ule mdomo wake unakwaruza kama msasa. Na akiwa nduwaro, yule wa mdomo huohuo lakini mkubwa zaidi, ndo usiseme, wale wanapita kilo 200, akiamua kuzama hakuulizi. Lida izungushe kiganjani kwa namna ambayo ukifungua mkono inatoka yenyewe, usiizungushe kifundoni mwa mkono, na ile uliyokwisha vuta itupe majini isije ikakunasa miguu.

Hiki kidole changu nilichowaambia kilikatwa na kamba ya nanga, haikuwa kamba ya nanga. Mteja alikuwa anapiga picha na mimi nikataka nionekane. Basi. Mamako usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Najua nyinyi siku hizi pointi mnapata kwa samaki aliyepigwa tagi, ile alama yenye namba, akaachwa aende. Sisi tulikuwa tunawaleta ufuoni tunawatundika, picha, halafu wengine wanaoza. Hiyo kazi ya tagi umenishinda. Siku ile nilipokuona umemshika samaki mdomo, boti inatembea polepole mpaka akapata pumzi, sikukwambia kitu, lakini nilifika nyumbani nikamwambia mamako huyu fundi. Ila glovu uvae.

Mchana kaskazi ikikaza, boti zingine zinatangaza kwa redio wamepata wa nne na nyinyi mna mmoja, hapo ndo watu wanaharakisha, hapo ndo vidole vinaenda. Kapteni akipiga kelele mwache apige. Akisema shika na glovu hujavaa, mwambie ngoja.

Zangu nimempa dereva wa matatu ya Malindi, zimo kwenye mfuko wa unga. Zimepauka lakini viganja vizima, kidole gumba nimekishona. Ukizipata nipigie, usitume meseji.

Makuti ya jikoni yanavuja, fundi anataka 3,500 nimemwambia asubiri. Dadako naye anadaiwa hela ya mtihani. Sikuombi, nakwambia tu ujue. Na mkishusha nguru usisahau kichwa, mafua ya mamako yanataka mchuzi wa pilipili.

Babako