Mafundi cherehani wa Dagenham walidai kwanza daraja la ujuzi

Mhariri,

Kila inapozungumzwa habari ya malipo sawa kwa wanawake, hutajwa mgomo wa Juni 1968 katika kiwanda cha Ford huko Dagenham, Uingereza, ambako mafundi cherehani 187 waliacha kushona vitambaa vya viti vya magari, na kazi ya kiwanda kizima ikakwama kwa kukosa viti. Linalosahaulika ni kwamba dai lao la kwanza lilikuwa daraja la ujuzi: walipangwa miongoni mwa wenye ujuzi mdogo, tena wakalipwa asilimia 85 tu ya ujira wa wanaume wa daraja hilohilo.

Mimi nimekaa kwenye cherehani miaka mingi, na yeyote aliyewahi kuunganisha ngozi ya bandia, mshono usipinde wala sindano isikatike, atashangaa kuambiwa hiyo si kazi ya fundi.

Waziri Barbara Castle aliingilia kati, wakarudi kazini kwa asilimia 92, na Sheria ya Malipo Sawa ikapitishwa mwaka 1970. Daraja lenyewe, ambalo ndilo walilogomea, walilipata mwaka 1984 baada ya kugoma tena.

Fundi cherehani,
Tanga