Mteja wa "nakuja kuchukua jioni" ndiye anayeshika nyundo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie nyundo. Mimi ni fundi wa mitambo ya kilimo, nimestaafu, naishi Shangani hapa Mtwara. Siku hizi nashika spana pale tu mpwa wangu anapokwama, na kwetu Wamakonde mjomba hana njia ya kukataa.

Safari hii alikuja na mashine ya kukatia majani, ile ya kukalia kama trekta dogo. Mwenye mashine ana nyumba ya wageni upande wa Mikindani. Aliiagiza ikiwa imeshatumika sana huko Marekani, na hapa imeshakula masika kadhaa. Oili ya gia ilikuwa inavuja nyuma ya tairi la kushoto. Kubadili sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke, ni kazi ya saa moja, ila lazima tairi litoke kwanza, na tairi lilikuwa limegoma.

"Mjomba, hata nati sizioni," kijana akaniambia. Hazioni kwa sababu hazipo. Mashine nyingi za namna hii hazifungwi tairi la nyuma kwa nati kama gari. Rimu ina bomba katikati, linavishwa kwenye shafti, fimbo ya chuma inayozungusha tairi, yenye unene wa robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 hivi. Kati ya shafti na bomba kuna mfereji, humo kunalala kii, kipande cha chuma cha mraba kinachofanya vyote viwili vizunguke pamoja. Nje kuna washa na pete ndogo yenye umbo la herufi E, na juu yake kifuniko cha plastiki. Ukichokoa pete kwa bisibisi, tairi lilipaswa kuteleza lenyewe. Lilipaswa. Upepo wa bahari yetu una chumvi, majani mabichi yanaganda pale ndani, watu wanaosha mashine kwa maji na kuifungia stoo ikiwa bado mbichi. Baada ya miaka mitatu minne kutu inajaa kwenye ule uwazi mpaka shafti na rimu vinakuwa chuma kimoja.

Kabla ya kufika kwangu, ilikuwa imepita kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Huko waliitwanga kwa nyundo kubwa kutwa nzima. Ncha ya shafti ilikuwa imechanua kama uyoga, hata tairi lingekubali kutoka lisingepita hapo. Kisha wakamwambia mwenye mali kwamba mashine imekufa, awauzie kwa kilo kama chuma chakavu.

Hili ndilo lililonikera mpaka nikashika kalamu. Ukipiga ncha ya shafti, pigo haliishii kwenye kutu. Linaingia ndani ya giaboksi, ambako shafti imezuiwa na vijipete na washa nyembamba, na kasha lenyewe ni la aluminiamu. Ukipiga rimu kwa nyuma, inapinda. Pula, kifaa cha bolti cha kuchomolea tairi kwenye shafti, haifanyi hivyo: inasukuma shafti na kuvuta rimu kwa wakati mmoja, nguvu yote inabaki kati ya hivyo viwili, giaboksi haina habari.

Nilianza kwa tupa, nikaula ule uyoga taratibu mpaka ncha ikarudi mviringo. Nikapitisha brashi ya waya. Nikainua upande ule kwa jeki na kuweka gogo la mwembe chini, maana mashine ya karibu kilo 200 haiachiwi jeki peke yake. Upande ukiwa juu, mafuta ya kulegeza kutu yanashuka kwenda ndani badala ya kudondoka sakafuni. Mafuta yenyewe ni oili ya gia za otomatiki niliyochanganya na asetoni, nusu kwa nusu. Vinajitenga, kwa hiyo tikisa chupa kila unapotaka kutia, na usiyasogeze karibu na moto. Asubuhi matone kadhaa, jioni matone kadhaa, na kugonga bomba la rimu kwa kinyundo kidogo pembeni ili kutu istuke. Siku nne. Mpwa wangu alitaka kuleta mtungi wa gesi achome. Moto unasaidia kweli, chuma cha nje kinatanuka, lakini si karibu na tairi lenye upepo. Linaweza kupasuka likamuua mtu, na sili ndiyo ya kwanza kuungua.

Siku ya pili mwenye mashine alipiga simu: "Fundi, mbona umelala na chombo changu?"

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji wako wanisikilize. Tunaimba kwamba haraka haina baraka, lakini mteja akifika gereji anataka chombo chake jioni, na fundi akimwambia alete tena Ijumaa anamwona tapeli. Hakuna anayelipia siku za kusubiri mafuta yanywe. Analipia jasho analoliona, na nyundo inatoa jasho vizuri sana. Kijana wa gereji naye ana kodi ya fremu. Atafanyaje? Anapiga. Mimi nilimtoza mteja siku zote nne kwa bei ya nusu siku kila moja, akanung'unika, akalipa. Ilikuwa chini sana ya bei ya giaboksi.

Siku ya tano nilitengeneza pula. Kipande cha chaneli, chuma kilichokunjwa kama mfereji, mbele, bamba lenye mdomo wa U nyuma ya bomba la rimu likipanda shafti, na bolti mbili ndefu zinazopita kwenye matundu niliyotoboa kwenye sahani ya rimu, mbali na panapokaa upepo. Bolti ya tatu katikati inasukuma shafti. Robo mzunguko, subiri, gonga kidogo pembeni, robo nyingine. Nilipoenda kunawa kwa ajili ya adhuhuri hapakuwa na mtu aliyeigusa. Ikalia tak! kama bunduki ya kuwindia ndege, kijana akaruka. Tairi lilikuwa limesogea unene wa kucha. Baada ya hapo lilitoka kama kifuniko cha sufuria.

Kii ilikuwa nusu chuma nusu unga. Tulichonga mpya kwa tupa kutoka chuma laini, kwa sababu siku mashine ikikwama kwenye kisiki ni bora ikatike kii kuliko jino la gia. Shafti tuliipiga msasa, tukaipaka grisi nzito kabla ya kurudisha, na nimemwambia mwenyewe ailete kila Novemba kabla ya mvua, tulivue tairi na kuipaka shafti tena. Dakika ishirini.

Walimu wa VETA hapa Mtwara na Lindi nawaomba jambo dogo: mwanafunzi achomelee pula yake mwenyewe kabla hajaondoka chuoni. Kwa walioko mtaani tayari, pula yangu iko nyumbani imening'inia ukutani. Anayetaka kuazima aje, ila aache spana zake rehani, maana jeki yangu ya mwisho iliazimwa ikaenda Newala na haijarudi.

Fundi Mstaafu,
Shangani, Mtwara