Kitambaa Cheupe Dirishani

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Mama yako anakusalimu sana; mguu umepata nafuu na jana alifika kanisani mwenyewe.

Barua uliyoniandikia baada ya msiba wa shangazi yako nimeisoma mara tatu. Unauliza nilipata wapi moyo wa kuanzisha makaburini wimbo wa neema wa John Newton, ule wa "Amazing Grace", ilhali sisi watu wa Mpwapwa tumezaliwa kando ya njia ya misafara ya watumwa na mtunzi wake alikuwa nahodha wa meli ya watumwa. Siku ile sikukujibu kwa kuwa nilikuwa nalia.

Usemayo ni kweli, na habari yenyewe ni mbaya kuliko ulivyosikia. Watu husimulia kwamba dhoruba iliyomkuta baharini Machi 1748 ilimwongoa, akaiacha biashara ile. Sivyo. Unahodha wake wote ulikuja baada ya dhoruba hiyo: safari tatu, kati ya 1750 na 1754. Jumapili aliwaongoza mabaharia katika sala, na chini ya miguu yao watu wamelala katika minyororo. Mwaka 1752 aliandika kwa mkono wake kwenye daftari la meli kwamba aliwabana wavulana vidole kwa skrubu ili wakiri njama ya uasi. Na kutoka meli hizo hizo alimwandikia mkewe, Mary, barua zilizojaa mapenzi. Jambo hilo linanichoma mpaka leo, kwamba mtu aweze kupenda hivyo kwa mkono mmoja. Kilichomtoa baharini ni maradhi. Alianguka ghafla mwaka 1754, hakusafiri tena.

Akafanya kazi ya forodha Liverpool. Alipoomba uchungaji alikataliwa, na hakuwekewa mikono mpaka 1764, umri unakaribia miaka 39. Wakampeleka Olney, mji mdogo wa wasukaji wa lesi, wengi wao maskini. Mshahara ulikuwa kama pauni 60 kwa mwaka. Mfanyabiashara tajiri, John Thornton, ndiye aliyemwongezea fedha ili mlango wake usifungwe kwa wahitaji. Wewe umekulia katika nyumba ya mchungaji, unajua mlango usiofungwa unavyomchosha mama wa nyumba. Mwaka 1773 mshairi William Cowper, jirani na rafiki yao, aliugua akili kiasi cha kutaka kujiua. Walimpokea nyumbani kwao, akakaa zaidi ya mwaka mzima. Habari za Newton husimuliwa kama za mwanamume peke yake, nami siku zote namfikiria Mary, aliyempikia mgonjwa yule na kusikiliza nyayo zake usiku.

Hawakujaliwa mtoto wa kumzaa. Walimchukua Betsy, yatima wa kaka yake Mary, na baadaye Eliza, mtoto wa dada yake. Eliza alikuja tayari akiwa na kifua kikuu, ugonjwa uliomuua mama yake Newton mwenyewe kabla mwanawe hajatimiza miaka 7. Akafa 1785, msichana wa miaka 14.

Wakati huo walikuwa wamehamia London, kanisa la St Mary Woolnoth. Mwaka 1788, miaka 34 tangu ashuke melini, ndipo alipochapisha kitabu kidogo dhidi ya biashara ya watumwa, akikiri kwamba alishiriki na kwamba moyo wake unatetemeka kwa aibu. Alitoa ushahidi pia mbele ya kamati ya Bunge, akieleza alichokiona na alichokifanya. Alichelewa mno. Waliokufa katika miaka hiyo 34 hawakurudishwa na kitabu, wala sitakuomba umsamehe kwa niaba yao. Mimi mwenyewe sina ruhusa hiyo. Lakini wachungaji wenzake aliokutana nao London kuijadili Injili ndio walioanzisha CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, mwaka 1799, na CMS ndiyo iliyoleta wamisionari hapa Mpwapwa miaka ya 1870. Kwa hiyo hata ubatizo wako una uzi unaofika kwa mzee yule, tupende tusipende.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakiona moyoni pale makaburini.

Mary alikufa kwa saratani mwaka 1790. Betsy akabaki kuwa macho ya mzee, maana macho ya mzee mwenyewe yalikuwa yanazimika. Mwaka 1801 Betsy naye akaugua akili, akalazwa katika hospitali ya Bethlem. Newton alikuwa na miaka 76. Kila siku alishikwa mkono akaenda kusimama nje ya jengo, akainua uso kuelekea dirisha la binti yake, asilione. Alimuuliza aliyemwongoza kama Betsy amepunga kitambaa cheupe. Akiambiwa ndiyo, alirudi nyumbani ameridhika. Betsy alipona, akaolewa, akamtunza mzee hadi alipofariki Desemba 1807, mwaka ule ule Bunge lilipopiga marufuku biashara ile.

Wewe ulikuja kwetu na miaka minne, ukiwa na kile kikapu cha marehemu mdogo wangu. Na ulipolazwa mwaka ule, orofa ya pili, wakanizuia kuingia, nilikuwa nasimama chini ya mwembe kila saa kumi jioni. Hukujua. Pazia lako lilikuwa la bluu.

Baba yako