Barua kwa mwanangu: Kitaliano nilichojifunza nikitandika vitanda

Watamu

Mwanangu mpenzi,

Jumapili uliniambia umeacha darasa la Kitaliano, baada ya wiki 3 tu. Ukasema ofisi imekubana, matatu ya jioni inakula saa nzima na nusu, na kichwa cha miaka 31 hakishiki tena kitu. Sikukujibu pale pale. Salio lilikuwa linakwisha, na jambo lenyewe ni refu.

Mimi nilianza nikiwa na miaka 42. Si kwamba sikuwa nacho kabisa. Ciao, tutto bene, subito signora: nani huku hana hayo? Wataliano tunao tangu wale waliokuja kurusha roketi Ngomeni, pwani yetu hii, miaka ya 1960. Tena setilaiti waliyoirusha kutoka lile jukwaa la baharini tarehe 12 Desemba 1970 iliitwa kwa neno letu, Uhuru. Lakini Kitaliano changu kilikuwa cha kuitikia tu.

Kisha ikaja siku ya hereni, ambayo sikuwahi kukusimulia yote. Mgeni wa hotelini alipotewa na hereni, akaniita chumbani, akasema mengi, upesi upesi. Nikaitikia "sì, signora, sì", ndiyo, mama, ndiyo, maana ndivyo nilivyozoea kumjibu mgeni. Kumbe alikuwa ananiuliza kama nimeichukua. Msimamizi alipofika, nilikuwa nimeshakiri wizi. Hereni ilipatikana jioni kwenye bomba la chini ya sinki, fundi alipolifungua. Mgeni akaniomba radhi, nikarudi kazini. Usiku ule sikulala. Mama mzima, watoto watatu, na katika lugha ile sikuwa hata na maneno ya kusema: si mimi, hebu tutafute pamoja.

Darasa sikulimudu. Nilichokuwa nacho ni karatasi ya vyumba, ile tuliyopewa kila asubuhi. Nyuma yake niliandika maneno 5, ya vitu ambavyo mikono yangu ingevishika siku hiyo. Shuka ni il lenzuolo, na jozi yake ni le lenzuola, linaingia wingi na kubadili jinsia papo hapo. Foronya, la federa. Chandarua, la zanzariera, kwa sababu mbu ni zanzara. Taulo ni asciugamano, yaani kikausha mkono. Kona moja ya kitanda neno moja, nakunja, natamka, nahamia kona ya pili. Mikono ilifanya kazi ya mwajiri, mdomo ukafanya yangu. Kufikia chumba cha mwisho yale matano yalikuwa yamekaa.

Na usiiogope lugha yenyewe, mwanangu. Irabu zao ni zetu, a, e, i, o, u, na maneno yao mengi huishia kwa irabu kama yetu. Gn yao ni ny. Ya kuzoea ni maandishi: ci husomwa chi, na chi husomwa ki. Wenzangu waliotegemea Kiingereza walilia na camera pulita, chumba safi, na bagno pulito, bafu safi, kwa nini safi moja na safi nyingine hazifanani. Wewe unayesema kitanda kizuri na nyumba nzuri tangu unanyonya, hilo likushinde? Hata adabu zao utazitambua. Mtu akiingia nyumba ya mwenzake husema "permesso", nayo ni hodi. Na prego hufanya kazi mbili kama karibu: unamkaribisha mtu, na ukishukuriwa unajibu hilo hilo.

Panapouma ni kwenye konsonanti mbili. Februari moja, saa za jua kali, bibi mmoja mzee aliniambia "ho sete". Nikasikia sette, saba, nikaenda kufungua chumba nambari 7. Alikuwa anasema ana kiu. Niliporudi nilimkuta ameinama kwenye bomba la bafuni anakunywa maji yale ya chumvi kwa kiganja. Picha hiyo ninayo mpaka leo. Tangu hapo sikuipita siku bila kurudia: sete, sette, casa, cassa. Ikaze ile ya katikati kama unavyokaza fundo la leso.

Jifunze pia Lei, ile "wewe" ya heshima. Vijana wa ufuoni humwita kila mtu "tu", ile "wewe" ya kawaida, hata mzee wa miaka 80, nao hucheka naye, lakini hawasikilizwi. Siku nilipolaumiwa kuhusu nguo za dobi, nilisema polepole: "Signora, La prego, mi lasci spiegare." Nakuomba, niache nieleze. Yule mama alivuta kiti, akakaa, akaniangalia usoni. Nikaeleza mpaka mwisho. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu ile hereni.

Na hili la muda. Hapa mwezi wa Mei mvua zinashika, hoteli nyingi hufungwa, tunarudishwa nyumbani. Nilidhani huo ndio ungekuwa wakati wangu wa kusoma. Haukuwa. Nilikaa na daftari mwezi mzima na nikarudi kazini nimesahau. Nilichojifunza nilijifunza Agosti na Desemba, miguu imevimba, sauti zao zikiwa kila upande. Kwa hiyo usiniambie unangoja likizo.

Kama darasa limekushinda, liache. Lakini ile saa nzima na nusu ya matatu niachie mimi. Weka sauti ya Kitaliano sikioni, usielewe, sikiliza tu, na uchukue maneno 5 ya vitu vilivyo mezani kwako ofisini.

Jumapili nitakupigia saa 2 usiku. Ukipokea usiseme haloo. Wao husema "pronto", yaani niko tayari. Ukishasema hivyo, tutaendelea kwa Kitaliano mpaka salio langu likatike.

Mamako