Barua kwa vijana wanaokuja kuupima mji

Wanangu,

Assalaam aleikum. Wiki iliyopita mlipita barazani kwangu, kundi zima, kofia kichwani na tepu za kupimia mkononi, na mmoja wenu akaniuliza swali ninaloulizwa tangu ujana wangu: "Mzee, mji huu ulijengwa lini, na nani?" Muadhini alikuwa ameshaanza, nikamjibu kwa mkato, nikaingia kutia udhu. Jibu lile limenikera tangu siku hiyo. Ndiyo maana nakuandikieni nyote, wa mipango miji na wa akiolojia, na wengine watakaokuja mwakani na tepu zao.

Mimi ni mwashi. Nimeshika mwiko zaidi ya miaka arobaini humu Mji Mkongwe wa Unguja, na kabla ya hapo, kijana sina ndevu, niliwabebea wachimbaji makapu ya mchanga. Wasomi wengi wamekaa kwenye baraza hii. Wengine waliniachia vitabu vyao, wengine waliniachia vitabu badala ya malipo. Nimevisoma taratibu, kamusi pembeni, kwa hiyo msinione mzee wa hadithi tu.

Swali la "nani alijenga" lina historia yake. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gede, pwani ya Kenya, mwaka 1948. Mwenzake Neville Chittick akachimba Kilwa, kusini mwa pwani ya Tanzania, miaka ya 1960. Walisafisha kuta, wakapima misikiti, wakahesabu vigae vya vyombo kutoka China na Uajemi. Kazi ile ilikuwa kubwa, na mimi sicheki mtu aliyeshinda juani kwa miaka. Lakini walitafuta mawe, wakayapata mawe, kisha wakasema mji umeletwa na waliokuja kwa jahazi. Hata ulimwengu wa wasomi wakati huo ulikuwa na mizani yake: mwanaakiolojia Gordon Childe alikuwa ameandika mwaka 1950 alama kumi za kuutambua mji, miongoni mwao majengo makubwa na maandishi. Ukienda pwani na orodha ile mkononi, nyumba ya udongo unairuka kama dimbwi.

Kisha, miaka ya 1980, Mark Horton akachimba mji wa kale wa Shanga, kisiwa cha Pate, Kenya. Chini ya msikiti wa ijumaa alikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka akafika kwenye matundu ya nguzo za miti katika mchanga, ya karne ya 8. Msikiti wa miti, ukafuatwa na wa mawe, ukafuatwa na mkubwa zaidi, pale pale. Wasomi walifurahi kwa sababu ya tarehe. Mimi nilipoelezwa habari ile nilifurahi kwa sababu nyingine: nilisikia mafundi wenzangu. Kila tabaka ni watu waliokaa kikao wakasema msikiti umekuwa mdogo, au miti imeliwa na mchwa, haya tuchange. Vikao vile havikuacha kigae hata kimoja, lakini bila hivyo matabaka yasingekuwapo.

Wakaja wa kwetu, Felix Chami wa Tanzania, George Abungu na Chapurukha Kusimba wa Kenya, wakasukuma mizani upande wa pili: hawa ni watu wa hapa, vyungu vyao ni vya hapa, chuma chao ni cha hapa. Mwaka 2023 tukaambiwa tena habari za vinasaba vilivyotolewa katika mifupa ya makaburi ya zamani ya pwani, kwamba wale waliozikwa walichanganya damu ya Afrika na ya Asia, hasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika kule kulianza takribani miaka elfu moja iliyopita. Ugomvi ukaanza upya, kila mtu kashika mfupa wake. Nilikuwa nakunywa kahawa siku moja wakibishana, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba bibi yake ndiye mwenye mji. Nikamaliza kahawa yangu nikaenda kazini. Kuna dari ilikuwa inavuja.

Tazameni kazi ya Songo Mnara, karibu na Kilwa. Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones hawakuchimba majumba peke yake. Walikwenda kwenye viwanja vilivyo baina ya nyumba, pale ambapo ramani ya zamani inaonyesha karatasi nyeupe, wakapima udongo wenyewe, kwa sababu udongo huweka alama ya kilichofanyika juu yake. Uwazi ule ulikuwa na kazi. Na Pemba, kule Chwaka, Fleisher huyo huyo na Adria LaViolette walizifuata nyumba za udongo na fito ambazo waliotangulia hawakuziona. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri, na katika maandishi yake nyumba za mji ule ni za miti. Watu wamebishana alikosea au hakukosea, maana msikiti wa mawe upo na kasri la Husuni Kubwa ni la zama hizo hizo. Mimi naona mgeni aliyetembea mitaani aliona kile ambacho wengi walikuwa wanaishi ndani yake.

Sasa nikupelekeni Takwa, kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Mji ule uliachwa katika karne ya 17. Vitabu huandika "ulikufa", na ukienda utaona kuta, mibuyu na kaburi la nguzo. Lakini watu wa Takwa walivuka maji wakakaa Shela, na watu wa Shela huvuka tena kurudi Takwa kusoma dua penye kaburi lile na kuomba mvua. Basi niambieni, katika daftari zenu mnauandika wapi mji ambao nyumba zake hazina dari na watu wake bado wanauombea mvua?

Na hapa kwetu je? Mnapita Darajani kila siku. Daraja mmeliona? Palikuwa na mkono wa bahari unaougawa mji, na daraja juu yake. Mkono ule ukafukiwa kidogo kidogo, daraja likaondoka, ikawa barabara. Jina likabaki. Na Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili wa daraja lile, ikabaki kuitwa Ng'ambo ingawa huvuki maji yoyote isipokuwa ya mvua, mtaro ukiziba. Mipango ya mji tumeipata mingi: wa 1923 wa Mwingereza Lanchester, wa 1946, wa 1968 wa Wajerumani Mashariki, wa 1982 wa Wachina, na wa 1994 wa Mji Mkongwe wenyewe. Sehemu yake ilijengwa, kama majumba ya Michenzani mnayoyaona, na sehemu kubwa ikabaki karatasi. Wataalamu wa zamani waliuita "mji" ule upande wa mawe tu, na Ng'ambo wakaiona kama vibanda vya kusubiri kuvunjwa, wakati watu wengi wa Unguja mjini walikuwa wanaishi huko. Fundi wa mawe alikuwa analala huko, na mke wake, na wapagazi wake. Asubuhi walivuka kuja kuusimamisha mji, jioni wakarudi.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo ninapopajua.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuu la magogo. Yakishaiva unayamwagia maji yanachemka yenyewe, yanavunjika, yanakuwa unga. Unailoweka shimoni miezi, ukiweza mwaka, mpaka inakuwa laini kama siagi. Ukuta huo unanywa maji wakati wa masika na kuyatoa wakati wa kaskazi. Unapumua. Juu yake zinalala boriti za mkoko, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Msanifu wa nyumba hizi alikuwa mkoko. Mkipima chumba, andikeni na hilo.

Miaka ya 1980 mwenye nyumba mmoja, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya bahari, alinitumia fedha na ujumbe: haraka, na iwe saruji, chokaa ni mambo ya zamani. Nilijua si sawa. Nilikuwa na watoto watano na Ramadhani imekaribia. Nikapiga saruji ukuta mzima, ndani na nje, ukang'aa, nikasifiwa mtaa mzima. Baada ya masika manne au matano chumvi ikaanza kuchanua ukutani kama ukoga. Maji yalikuwa yanapanda kutoka chini, hayana pa kutokea, yamegeukia ndani kwenye vichwa vya boriti. Alasiri moja dari likashuka juu ya kitanda. Mtoto anayelala pale alikuwa chuoni anasoma Qurani. Nilipoitwa nikapanda ngazi, nikatia kidole kwenye kichwa cha boriti iliyobaki, kikazama kama kwenye muhogo uliochemka. Nilikaa chini kwenye kifusi cha kazi yangu mwenyewe. Mama wa mtoto yule hakunigombeza. Alinipa maji ya kunawa.

Tangu siku ile, nikisikia kwamba nyumba fulani "imedumu miaka mia mbili," nauliza imedumu kwa mkono wa nani. Nyumba ya chokaa haidumu peke yake hata miaka ishirini. Zamani nyingi zilikuwa wakfu: mtu anaweka duka au shamba ili kodi yake itengeneze msikiti, kisima au nyumba ya jamaa. Ule ulikuwa mpango wa mji kabla ya Lanchester, na haukuwa na ramani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, wenyewe wengi wakaondoka, wakaingizwa watu wa shamba na wa Pemba, familia tano katika nyumba ya familia moja. Wakapata paa, hilo halikuwa dogo. Lakini paa la wote lilikuwa kazi ya nani kulifuta maji? Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985, na mwaka 2000 UNESCO wakautia mji wetu katika urithi wa dunia. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Seyyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja huku ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa. Nilisikia kishindo kile nikajua, kabla sijaambiwa, kwamba ni mawe.

Na sasa kuna jambo la pili, ambalo vitabu vyenu ndiyo kwanza vinalianza. Kuta zinatengenezwa vizuri kuliko wakati wowote katika umri wangu, chokaa safi, milango imepakwa mafuta. Kichochoro changu kilikuwa na nyumba kumi na moja zenye watoto. Zimebaki tatu. Nyingine ni hoteli, na baraza zake zimewekwa vyungu vya maua ili mtu asikae. Siwalaumu wageni, na baadhi ya hoteli hizo nimezijenga mimi na zimenilisha. Lakini wekeni Takwa upande huu, kichochoro changu upande ule. Kule kuta zimeanguka na watu wanarudi. Huku kuta zimesimama, na msikiti wa pembeni imamu anasubiri mtu wa pili wa kumfuata katika sala ya alfajiri.

Kwa hiyo ninakuombeni mbadilishe swali. Msianze na nani alijenga. Ingieni nyumbani muulize mara ya mwisho dari hili lilitengenezwa lini, fedha ilitoka wapi, nani alikaa kikao, nani alikataa kuchanga, na fundi aliitwa kutoka mtaa gani. Ulizeni vyoo vinamwaga wapi. Ulizeni wanawake, kwa sababu sisi wanaume tutakuambieni ya ukoo na wao watakuambieni ya paa. Nendeni Ng'ambo siku nyingi sawa na mnazokaa huku. Na mkimaliza, rudini na mlichoandika. Mwaka fulani alikuja kijana na karatasi za maswali, mtaa mzima ukajibu, mpaka bibi aliyekuwa mgonjwa akainuliwa kitandani ili ahesabiwe. Kijana yule hatukumwona tena. Bibi aliuliza habari zake mpaka alipofariki.

Shimo la chokaa liko uani kwangu, nimeiloweka tangu mwezi wa Rajabu. Kuna ukuta wa jirani nimeahidi kuukwangua saruji kabla masika hayajaanza, saruji yangu mwenyewe ya miaka hiyo. Njooni Jumamosi saa moja asubuhi na nguo za kuchafua. Yule aliyeuliza swali nitampa patasi.

Mzee wenu wa baraza,
Mji Mkongwe, Unguja