Abigail naye ana kwao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala mliyochapa wiki iliyopita kuhusu tamthilia ya Arthur Miller, The Crucible, ihusuyo kesi za uchawi katika mji wa Salem, Marekani, iliyochezwa na vijana wetu hapa Kahama. Mwandishi anasema mna wanawake wawili tu mle: mke mwema aliyepoa kama maji ya mtungini, na hawara mwovu aliyeangamiza kijiji. Nimefundisha fasihi miaka 31, na mchezo huo niliwasaidia vijana kuuleta kwa Kiswahili, neno kwa neno. Sikubaliani naye.

Nianze na chumvi. Katika sehemu ya pili John Proctor anarudi kutoka shamba, mkewe Elizabeth yuko juu anawaimbia watoto. Mume anaonja mchuzi wa sungura ulioko motoni, haumridhishi, anatia chumvi kidogo na kunyamaza. Wakati wa kula anamsifu mkewe kwamba umekolea. Uso wa Elizabeth unaiva kwa haya na furaha, anajibu kuwa alijitahidi. Je, mke wa barafu hufurahia hivyo sifa ya mchuzi? Huyu ni mtu aliyeugua muda mrefu baada ya kujifungua, akamwona mumewe anageukia kijakazi wa nyumbani, Abigail, akamfukuza binti huyo. Sasa imetimia miezi saba mume anatembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Binti aliyecheza Elizabeth aliipata ile furaha ya chumvi, na nilipokuwa nimekaa niliwasikia akina mama nyuma yangu wakiguna.

Kisha mahakamani. Abigail na wenzake wanawataja watu kuwa wachawi, Elizabeth akiwemo. Mume ameshakiri uzinzi ili kumwumbua Abigail, na ameapa kuwa mkewe hajui kusema uongo. Analetwa mke. Anatafuta uso wa mumewe, anakuta kisogo, kwa kuwa jaji Danforth ameamuru wageuke. Anaulizwa kama mumewe ni mzinzi. Kwa sauti ya kufifia anasema hapana. Uongo huo mmoja, wa kumsitiri mume, ndio unaommaliza. Muda mfupi baadaye Abigail anatazama darini, anapiga kelele kwamba kuna ndege anataka kumrarua uso, na majaji wanaamini. Mwandishi wenu aliiona tofauti hiyo, akamalizia kwa kusema mmoja ana moyo na mwingine hana. Hakujiuliza kwa nini wanaume wale walikuwa tayari kumwamini binti juu ya ndege, wakati juu ya jambo lingine lolote wasingemsikiliza.

Abigail ni yatima. Wazazi wake waliuawa usiku, vichwa vyao vikiwa kwenye mto uliokuwa kando ya wake. Amefukuzwa kazi, hakuna mwingine anayemchukua, anaishi kwa mjomba wake mchungaji anayeogopa zaidi jina lake mwenyewe. Tena Miller mwenyewe alieleza kwamba alimwongezea umri. Katika Salem ya mwaka 1692 Abigail Williams alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, na Proctor mzee wa miaka 60 hivi. Hawara tunayemlaani ni wa jukwaani. Watu 19 walionyongwa, 14 kati yao wanawake, ni wa kweli.

Na Tituba, mtumwa kutoka Barbados, makala haikumtaja hata mara moja! Ndiye aliyetishiwa mjeledi na kamba mpaka akakiri. Alipoanza kutaja majina akasemeshwa kwa upole. Abigail alikuwa amesimama palepale akitazama, naye akaanza kutaja.

Naandika kwa uchungu kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho mekundu, ambayo watu huyaita alama ya mchawi. Alipika miaka yote kwa mavi ya ng'ombe makavu, moshi ukayala macho yake. Mtoto wa jirani, miaka 12 hivi, alianza kuweweseka. Watu wazima wakamzunguka usiku kucha: ni nani, sema ni nani. Alipochoka akamtaja bibi. Tulimtorosha kabla hakujapambazuka, na nguo alizovaa tu. Wazee wengine wa Usukuma hawakupata wa kuwatorosha. Bibi aliishi kwangu mpaka alipofariki, na kila nilipotoka kijijini swali lake la kwanza lilikuwa kama yule mtoto amerudi shule.

Binti aliyecheza Abigail ana miaka 17. Tangu makala itoke anaitwa mchawi njiani, na Jumatatu alikuja kwangu kuuliza kama anaweza kupewa nafasi nyingine. Nimemkatalia. Tunacheza tena Jumamosi ijayo saa kumi jioni, na kiti cha mbele nimemwekea mwandishi wenu.

Mwalimu mstaafu wa fasihi,
Kahama