Touki Bouki isisifiwe kwa kutoeleweka

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie Touki Bouki, filamu ambayo Djibril Diop Mambéty aliitengeneza nchini Senegal mwaka wa 1973, na ambayo ina wapenzi wa dhati miongoni mwa vijana wa hapa Mombasa ninaojuana nao. Hivi karibuni niliitazama tena pamoja na baadhi yao, na mjadala uliofuata ulikuwa mkali kiasi kwamba nimeona si vyema uishie barazani.

Waliopinga walikuwa wachache, na hoja yao ilikuwa moja tu: kwamba filamu haina kichwa wala miguu. Wanaonisumbua zaidi ni mashabiki, kwa maana wao walikubali shutuma hiyo hiyo na kuigeuza kuwa sifa. Walisema kuwa ni sinema ya kindoto, kwamba uzuri wake ni kule kutoeleweka, na kwamba anayetaka kuielewa hajui sanaa. Walitaja pia kuwa wahakiki wa dunia waliipa nafasi ya 66 katika kura ya filamu bora kuliko zote ya jarida la sinema la Sight and Sound mwaka wa 2022, na kwamba Beyoncé na Jay-Z waliiga picha yake ya pikipiki yenye pembe walipotangaza ziara yao ya mwaka wa 2018. Hayo ni kweli, lakini hayamwambii mtazamaji lolote kuhusu kile anachokiona mbele yake.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mory, kijana mchunga ng'ombe, ana pikipiki aliyoifunga fuvu la ng'ombe lenye pembe ndefu. Mpenzi wake, Anta, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Wote wawili wameichoka Dakar na wanataka kwenda Paris, fedha hawana, kwa hiyo wanaamua kuiba. Mambéty angeweza kukisimulia moja kwa moja, lakini amekikatakata na kukiunga upya, na katika maungio hayo ndimo ilimo kazi yake yote.

Chukua machinjio. Filamu inaanza na mvulana akiwaongoza ng'ombe wake taratibu kwa sauti ya filimbi, kisha ghafla tumo ndani ya machinjio halisi, ng'ombe wanaburutwa kwa kamba na damu inatapakaa sakafuni. Mtazamaji wa mara ya kwanza huona kinyaa na kujiuliza haya yamekuja kufanya nini katika hadithi ya wapenzi wawili. Anayeitazama tena anajua jibu linakuja mwishoni, pale Mory anapofika kwenye ngazi ya meli, honi inalia, na mbele ya macho yetu anarudi yule ng'ombe anayevutwa kwa kamba huku akigoma kwenda. Hapana mhusika anayetamka neno lolote la kueleza, na wala halihitajiki. Sisi tuliokulia karibu na Kilindini, ambao honi ya meli ni sehemu ya usiku wetu, tuna bahati ya kuielewa sehemu hiyo kwa masikio kabla ya kuielewa kwa akili. Je, huko ndiko kutoeleweka? Mimi naona ni uwazi wa hali ya juu, ila ni uwazi unaomtaka mtu akumbuke alichokiona saa moja na zaidi iliyopita.

Au chukua wimbo. Kila safari ya Paris inapotajwa au kuotwa, tunamsikia Josephine Baker akiimba sifa za mji huo, na kipande hicho hicho kinarudiwa hadi kinakera. Kijana mmoja alisema kuwa huo ni udhaifu wa uhariri. Nilimpinga na bado nampinga, kwa sababu kukera ndiko kulikokusudiwa: ndoto ya Mory si yake, amepewa na sahani ya santuri, nayo haina kitu kingine ndani yake ila jina la mji linalorudiwa. Hatuonyeshwi Paris hata mara moja. Ndivyo wanavyoondoka pia vijana wengi wa mtaani kwetu kwenda Ughaibuni au Uarabuni, wakiwa na jina la mji na picha ya jirani aliyetangulia, basi. Inafaa kukumbuka kwamba mwimbaji mwenyewe alikuwa mwanamke mweusi aliyeihama Marekani akapata umaarufu Ufaransa, kwa hiyo ahadi iliyomo ndani ya sauti yake haikuwa uongo mtupu, na hapo ndipo mtego ulipo.

Jina la filamu maana yake ni safari ya fisi, na mashabiki wetu wanalichukulia kama fumbo la kufafanuliwa kwa nadharia za wahakiki wa Ufaransa. Sijui kwa nini tuende mbali hivyo, ilhali kila mtoto wa Pwani amesikia kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Sidai kwamba Mambéty aliijua methali yetu. Ninachosema ni kwamba mtazamaji wa Mombasa haingii katika filamu hii mikono mitupu, na kwamba kijana aliyesimama kwenye ngazi ya meli, mguu mmoja ukitaka kupanda na mwingine ukitaka kurudi, hahitaji mkalimani kutoka Ulaya.

Mabishano makubwa zaidi yalihusu hapo hapo kwenye ngazi. Mory anageuka na kukimbia kurudi mjini, Anta anapanda meli na kwenda. Mashabiki karibu wote walimwita Mory shujaa aliyeikataa minyororo, na Anta wakamwona kama aliyepotea. Filamu haisemi hivyo. Mory anakimbilia pikipiki yake na kuikuta imevunjika vibaya, pembe zimeharibika, naye anabaki ameketi chini, hana meli wala pembe. Ushindi gani huo? Anta, kwa upande wake, ndiye aliyesoma, ndiye aliyekataa kuwa vile majirani walivyotaka awe, na anapopanda hageuki kulalamika. Naamini Mambéty anawaheshimu wote wawili kwa kipimo sawa, na kumhukumu binti kwa kuondoka huku tukimshangilia mvulana kwa kubaki ni mazoea yetu tuliyoingia nayo ukumbini.

Kwa kuwa naipenda filamu hii, sitaficha kasoro zake. Sehemu ya Charlie, tajiri mwenye bwawa la kuogelea ambaye Mory anamwibia nguo, imejengwa juu ya kumdhihaki mwanamume anayependa wanaume wenzake, na dhihaka hiyo ni nyepesi mno kwa msanii wa kiwango hiki. Msafara wa kuwaziwa, ambapo wapenzi hao wanapokewa kama waheshimiwa huku shangazi aliyewatukana akiwaimbia sifa, ni mzuri kwa dakika za mwanzo, kisha unarefuka kupita haja. Lakini wizi wa kwenye mashindano ya mieleka siubadilishii kitu: watu wa nchi iliyopata uhuru mwaka wa 1960 wanachangishwa fedha za kumjengea De Gaulle, aliyekuwa rais wa Ufaransa iliyowatawala, mnara wa kumbukumbu, nao wapenzi wetu wanaiba sanduku wakidhani limejaa noti, kumbe ndani mna fuvu.

Limebaki swali ambalo hatukulimaliza. Picha za mwisho zinaturudisha tulikoanzia, kwa mvulana na ng'ombe wake na kwa wapenzi walioketi kwenye jabali juu ya bahari, na kwa sababu hiyo wengi walishikilia kuwa safari yote ilikuwa ndoto ya mchana. Mimi sikubali. Kabla meli haijang'oa nanga, tunawasikia walimu wa Kifaransa wakizungumza juu ya sitaha, wakiwadharau watu wa Senegal na kusema hawana sanaa wala akili ya maana. Mory hayupo hapo kuyasikia, na hakuna dalili kwamba Anta anayasikia. Ikiwa yote ni ndoto, basi ni ndoto ya nani, iliyobeba maneno ambayo hakuna kati yao aliyeyasikia? Mazungumzo hayo yamewekwa kwa ajili yetu sisi watazamaji, ili tujue Anta anakwenda kuishi na watu wa namna gani wakati yeye mwenyewe hajui, na ukiyafanya kuwa ndoto unaondoa uchungu wote wa kuondoka kwake. Ningefurahi kama mmoja wa mashabiki angenijibu kupitia ukurasa huu huu.

Nina ombi pia kwa wanaopanga maonyesho ya filamu hapa mjini. Wahusika wanazungumza Kiwolof na Kifaransa, na maandishi yaliyowekwa chini ya picha tuliyoitazama yalikuwa ya Kiingereza, yakipita haraka kiasi cha kuwaacha nyuma wazee waliokuwepo. Hao wazee ndio walioishi miaka ya uhuru na kushuhudia ndugu zao wakipanda meli, nao walikaa kimya mjadala wote. Wakitayarishiwa tafsiri ya Kiswahili na filamu ikaonyeshwa tena, nina hakika tutasikia kuhusu ngazi ya ile meli mambo ambayo vijana wetu na mimi hatukuyafikiria.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa